Mpango wa Visa katika Filamu ya "Memento"

Husemwa mara nyingi kwamba filamu ya "Memento", iliyoongozwa na Christopher Nolan na kuonyeshwa kwanza mwaka 2000, ni fumbo tu, na kwamba mtu akiisha kulifumbua halibaki neno. Hoja hii yastahili kujibiwa; maana ikiwa visa vikinyooshwa vyatoa hadithi ile ile, basi mpango wake ni pambo.

Mhusika mkuu, Leonard Shelby, aliumizwa kichwa usiku ule mkewe aliposhambuliwa. Tangu hapo hawezi kuhifadhi kumbukumbu mpya. Kila jambo humtoka baada ya dakika chache. Kwa hiyo humwinda amdhaniaye kuwa muuaji wa mkewe kwa msaada wa picha, hati fupi, na maneno aliyochanjwa mwilini. Visa vya rangi vimepangwa kinyumenyume, cha mwisho kikitangulia. Vile vya nyeusi na nyeupe huenda mbele kwa taratibu ya kawaida. Mikondo hiyo miwili hukutana karibu na mwisho, wakati picha ya maiti ijitokezapo polepole kwenye karatasi, na rangi ikaingia pamoja nayo.

Na tutazame kisa cha Natalie. Kwanza twamwona akiingia nyumbani, uso umeumia, akisema kwamba amepigwa na Dodd. Nasi twamhurumia kama Leonard amhurumiavyo. Kisha twaonyeshwa yaliyotangulia: alizificha kalamu zote, akamtukana Leonard na mkewe hata Leonard akampiga, akatoka akaketi garini akingoja asahau, ndipo akarudi. Visa hivi vikinyooshwa, tungemjua mwongo kabla hajasema uongo wake, tukabaki kumsikitikia Leonard kwa mbali. Kwa mpango wa Nolan, twadanganywa pamoja naye. Mpango huo ndio utunyimao haki ya kujiona bora kuliko yeye.

Zito zaidi ni jambo la mwisho. Filamu huanza kwa kuuawa kwa Teddy. Basi swali letu si nani atakufa, bali kwa nini. Jibu ni kwamba Leonard mwenyewe, kwa akili ya dakika ile, aliandika kuwa Teddy asisadikiwe, akainakili namba ya gari lake iwe ushahidi, naye akijua fika kwamba atasahau alilolitenda. Ugonjwa haukumdanganya; aliutumia. Maandishi tuliyoyasadiki kwa zaidi ya saa nzima yalitoka katika mkono usio mwaminifu. Sisi tunaoishi kwa kusoma hati yatupasa kulizingatia hilo: hati huhifadhi neno, lakini haihifadhi nia ya aliyeliandika.

Si kwamba kazi hii haina ila. Mazungumzo marefu ya simu katika sehemu za nyeusi na nyeupe hueleza mno, hata mambo ambayo picha zingetosha kuyasema. Walakini ila hiyo haiivunji hoja. Apendaye na ainyooshe hadithi hii: atavipata visa vyote vikiwa timamu, lakini atakuwa ameketi penye kiti cha hakimu, mahali ambapo mtungaji alikusudia tuketi kama washiriki.