Lugha ya Kijiji katika Filamu za Ubia: Uhakiki wa Country Queen

Wahakiki wetu wamezoea kuipima filamu kwa maudhui na fani yake, wakasahau kuuliza ni nani aliyeigharimia, na mswada wake ulisomwa kwanza kwa lugha gani. Tamthilia ya Country Queen, yenye sehemu 6, iliyotayarishwa kwa ubia wa Kenya na Ujerumani na kuonyeshwa na Netflix tangu Julai 2022, yatulazimu kuuliza.

Akisa, mhusika mkuu, anarudi kutoka Nairobi hadi kijiji cha Tsilanga, ambako kampuni ya madini inatishia ardhi ya wanakijiji. Humo mnasikika Kiingereza, Kiswahili, Sheng na Kikamba. Kubadili lugha huku si pambo. Ndiko kunakodhihirisha nani mgeni na nani mwenye ardhi. Kwa hili tamthilia yastahili sifa. Walakini mtazamaji wa mbali husoma tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, na hapo lugha nne zimekuwa moja. Kisa kimemfikia, mvutano wa lugha, ambao ni nusu ya kisa, umebaki nyuma.

Ikiwa Kikamba kimepata nafasi hiyo finyu, lugha nyingine zitaipataje? Tuchukue mfano wa Birongo, katika eneo la Wakisii. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakisii zaidi ya 2,700,000, na Ekegusii husikika redioni katika Egesa FM. Hadhira ipo. Lakini mtayarishaji wa kujitegemea wa huko akitafuta mtaji wa ubia, hana budi kumpelekea mswada msomaji asiyejua Ekegusii. Atauandika kwa Kiingereza, kisha aufasiri kwa lugha ya mama yake. Methali na maamkizi yatakuwa yameng'olewa kabla ya kamera kuwashwa. Wala utii huo haumhakikishii soko: Januari 2024 Amazon Prime Video ilisitisha kugharimia kazi mpya barani Afrika.

Haifai kumlaumu mtayarishaji mwenye njaa ya mtaji. Yatupasa sisi wa idara za lugha kuwafunza wafasiri wa filamu watakaouanza mswada katika Ekegusii, na kudai kwamba tafsiri ionyeshe kila lugha inapobadilika. Kadhalika, mkataba wa ubia umwachie mtunzi haki ya kuionyesha kazi yake nyumbani. Bila hayo, Birongo itaonekana duniani kote, isisikike popote.