Mapenzi ya Ndoa katika Utendi wa Mwana Kupona: Kutendea au Kutendana?

Aghalabu mtahiniwa anapoulizwa kuhusu maudhui ya mapenzi katika Utendi wa Mwana Kupona, hujibu kwa mojawapo ya njia mbili. Wapo wanaodai kuwa humo hamna mapenzi, mna utumwa wa mwanamke tu. Wapo pia wanaodai kuwa mapenzi ya kweli ni mke kumtii mumewe, basi. Kila kundi limesoma nusu ya utendi. Makala haya yanashikilia kwamba jawabu limo katika kauli za vitenzi, somo ambalo kila mwalimu wa Kiswahili hulifundisha.

Tuanze na muktadha. Mwana Kupona binti Msham aliutunga utendi huu mwaka wa 1858, akiwa mgonjwa, ili amwachie bintiye, Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, alikuwa amefariki mwaka wa 1856. Jambo hili husahaulika darasani: anayetoa wasia juu ya ndoa ni mjane. Yeye mwenyewe aliaga dunia mwaka wa 1860.

Katika sehemu ya nasaha, binti anaambiwa kuwa binadamu anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Kisha anaelezwa la kufanya. Mume akilala, asimwamshe; ampepee; amtunze kama mtoto asiyejua kusema; asitoke nyumbani bila idhini yake. Siku ya Kiyama, mume ndiye atakayeulizwa iwapo mkewe aende peponi au motoni. Katika maagizo haya mke ni mtenda na mume ni mtendewa. Anayeona hapa unyonge wa mwanamke hajakosea.

Hata hivyo, mama anapoacha kuagiza na kuanza kusimulia ndoa yake, vitenzi vinabadilika. Sasa anatumia kauli ya kutendana: yeye na babake Hashima walioana kwa furaha na kicheko, wala hawakuondoleana heshima. Mume alipofikiwa na mauti, alirudia kumpa mkewe radhi. Tangu siku hiyo, asema mama, kilio chake hakijanyamaa kila akumbukapo pumbao na wingi wa hisani. Mwanafunzi aelezwe kuwa 'pumbao' hapa si upumbavu, ni maliwazo. Ni mzizi ule ule unaotumika mama anapomwagiza binti ampumbaze mume, yaani amliwaze. Liwazo ambalo binti anaagizwa kulitoa, mama analikumbuka kama jambo lililowaunganisha wawili.

Msomaji makini anaweza kupinga: je, mjane gani humsema vibaya marehemu mbele ya mtoto wao? Hoja hii ina uzito. Isitoshe, utendi umeelekezwa kwa wanawake pekee, binti akiwa wa kwanza. Haumwambii mume yeyote amfanyie mkewe hisani. Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa wasia huu. Kutendana kumeachiwa bahati. Hashima akimpata mume mfano wa babake, nasaha zitamfaa. Akimpata katili, nasaha zizo hizo zitamfunga mikono, kwani hakuna ubeti unaomfundisha kujitetea.

Kwa mintarafu hii, walimu wenzangu, tusiwafunze wasichana wetu kwamba kuvumilia ndiko kupenda, wala tusiwaache wavulana wadhani kwamba utendi huu hauwahusu. Tuwaombe watunge beti chache za wasia kwa mume wa Hashima, kwa vina na mizani ya utendi. Mtahiniwa naye akikutana na swali la mapenzi, atofautishe radhi inayotafutwa na mmoja na mapenzi yanayojengwa na wawili, kisha atoe ushahidi wa pande zote mbili. Kupenda kunamhitaji mtu mmoja. Kupendana hakuwezi kukamilika bila wawili.