Wekundu wa "Muhimu": Uhakiki wa Rangi za Chaguo-msingi katika Baruapepe

Rangi anayoikuta msomaji katika kikasha cha baruapepe, kabla hajagusa chochote, ni tafsiri ya mtu mwingine. Yupo aliyekwisha kuamua kuwa barua ya namna hii ni ya kukimbiliwa na ya namna ile ni ya kungoja, na uamuzi wake akautia rangi. Wahakiki wa fasihi wamezoea kuuliza nani asimuliaye. Ni nadra kuulizwa nani apakaye rangi. Swali hili lahusu namna maana inavyopangwa mbele ya macho ya msomaji, na kwa hiyo halimo nje ya mipaka ya taaluma ya lugha.

Mfano ufaao ni Thunderbird, programu ya Mozilla. Ilipotoa toleo lake la 2 mwaka 2007, ilimkabidhi mtumiaji lebo tano, kila moja na rangi yake: Muhimu (nyekundu), Kazi (ya machungwa), Binafsi (kijani), Ya Kufanya (buluu) na Baadaye (zambarau). Linalodhihirika mara moja ni kwamba uainishaji huu hauna msingi mmoja. Muhimu ni hukumu ya thamani. Kazi na Binafsi ni nyanja za maisha. Ya Kufanya ni tendo. Baadaye ni wakati. Barua moja ya mkuu wa idara yaweza kustahili lebo zote isipokuwa Binafsi. Mwanasarufi ambaye angepanga ngeli kwa vigezo vinne kwa pamoja angesutwa vikali, japo ni kweli kwamba ngeli za Kiswahili zenyewe hazijatakasika na kasoro hiyo.

Ama kuhusu wekundu, haifai kudaiwa kuwa ulichaguliwa ovyo. Berlin na Kay, katika utafiti wao wa mwaka 1969, walidai kuwa lugha ikishakuwa na majina ya weusi na weupe, jina la tatu huwa la wekundu. Kiswahili chaunga mkono dai hilo kwa sarufi yake: -eusi, -eupe na -ekundu ndivyo vivumishi vya rangi vinavyochukua upatanisho, ilhali rangi nyingine nyingi huazima jina la kitu, kama vile majani, machungwa au zambarau. Katika rangi tano za Thunderbird, basi, ni moja tu iliyo na mzizi wa kivumishi katika lugha hii. Lakini kuwa na jina la kale si kuwa na maana moja. Kwa aliyepitia darasa la Kenya, wekundu ni kalamu ya mwalimu, nayo husema "kosa". Katika Outlook ya Microsoft wekundu huohuo hupewa barua iliyopitwa na muda wake wa kushughulikiwa, na pia alama ya mshangao aliyoiweka mtumaji. Thamani, uchelewaji na sauti ya mtumaji vimevishwa vazi moja.

Kasoro iliyo nzito zaidi ni ya usomekaji. Mwongozo wa W3C wa mwaka 2008 wataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1. Ukipiga hesabu ya rangi za Thunderbird juu ya usuli mweupe, nyekundu yapata takriban 4.0, kijani 3.8, na ya machungwa 2.1 tu. Buluu yafikia 6.9 na zambarau 6.4. Maana yake ni kwamba Baadaye yasomeka vizuri kuliko Muhimu, na Kazi ndiyo hafifu kupita zote! Kwa wanaume ambao macho yao hayautambui mwanga mwekundu hali ni mbaya zaidi, kwani kwao wekundu hufifia ukaelekea weusi, na barua iliyopakwa ili ionekane hupotea kati ya wenzake. Mwongozo huohuo wakataza maana kubebwa na rangi peke yake.

Yamkini atatokea wa kusema kuwa herufi nzito zingeliondoa tatizo hili. Hakika zingefaa, lau zisingekuwa zimekwisha kutwaliwa: katika programu nyingi barua ambayo haijasomwa ndiyo iandikwayo kwa herufi nzito. Upya umepewa uzito, na umuhimu ukaachiwa rangi. Mpangilio huu wastahili kulaumiwa kuliko wekundu wenyewe, kwa kuwa wamfundisha msomaji kuheshimu kilichofika sasa hivi, hata kama ni tangazo la biashara.

Waandishi wa miswada ya Waswahili hawakuwa na herufi kubwa, kwani hati za Kiarabu hazina, wala hawakuwa na za mlazo. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, kisiwani Pate, ilipambwa kwa nyekundu, nyeusi na manjano. Hapo rangi haikuwa ya kutenga neno lenye thamani na lisilo nayo, kwa maana katika msahafu hakuna neno lisilo na thamani. Ilikuwa ya kupamba na ya kumwonyesha msomaji alipofika. Wabuni wa vikasha wangelijifunza mengi kwa kuitazama kazi hiyo.

Isitoshe, Kiswahili kina mkazo wake usiohitaji wino. "Mkutano ni kesho" na "Ni kesho mkutano" hazina uzito mmoja, na kila msomaji ausikia uzito huo bila kuona rangi. Barua yenye kichwa "Kuhusu mitihani" hupakwa nyekundu kwa sababu kichwa chake hakisemi kitu. Ikiitwa "Ni Ijumaa saa sita mwisho wa kupokea alama", yaweza kubaki nyeusi.