Umbo na Sababu Zake

Chukua flanji ya pampu: sahani nene ya chuma yenye tundu kubwa katikati la kupitisha maji, na matundu sita ya bolti kulizunguka. Mchoraji anayeanza atayachora yote sita kwenye kompyuta, moja baada ya jingine, kila moja na vipimo vyake. Umbo litatoka sawasawa. Mchoraji aliyekomaa huchora tundu moja tu, akalikalisha juu ya duara linalofuata kipenyo cha bomba, kisha akaiagiza programu ilirudie mara sita kwa kugawa nyuzi 360 sawa kwa sawa. Mteja akirudi na kutaka bolti nane, inabadilishwa tarakimu moja, na nyuzi 60 kati ya tundu na tundu zinakuwa 45. Bomba likinenepa, duara linapanuka na matundu yanasogea nalo.

Kwa macho, flanji hizo mbili hazina tofauti. Ila ya kwanza imebeba vipimo peke yake, na ya pili imebeba vipimo pamoja na sababu zake. Huo ndio ufundi ninaouvulia kofia.

Mizizi yake ni ya zamani. Mwaka 1963, Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa MIT huko Marekani, aliwasilisha Sketchpad, programu ya kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo cha kompyuta. Mtu aliweza kuagiza mistari miwili iwe sambamba au ilingane urefu, na mashine ikalishika agizo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya PTC, iliyoasisiwa na Samuel Geisberg, ilitoa Pro/ENGINEER, ikalipeleka wazo hilo kwenye maumbo mango na kuhifadhi kila hatua ya ujenzi kwa mfuatano wake.

Mfuatano huo ndio unaobishaniwa hadi leo. Kila hatua huegemea iliyotangulia. Ukipima mahali pa tundu kutoka kwenye ukingo uliokwisha kuviringwa, siku mwenzako atakapoufuta mviringo huo tundu litakosa pa kushika, na hatua zote zinazolitegemea zitawaka nyekundu. Ndipo wengine husema orodha ya hatua itupwe, mtu aushike uso wa kifaa auvute au ausukume atakavyo. Programu ya SpaceClaim ilijengwa juu ya msimamo huo katikati ya miaka ya 2000, na mwaka 2008 kampuni ya Siemens ikatangaza teknolojia yake ya Synchronous, yenye nia ya kuzioanisha njia zote mbili.

Wanaotaka kuvuta na kusukuma wana hoja. Faili ya STEP, ile ya kuhamisha maumbo kati ya programu tofauti, ikitoka kwa mgavi kwa kawaida huja umbo tupu, bila historia yoyote, na hapo njia yao huokoa muda mwingi. Lakini tundu lile halikuangushwa na orodha. Liliangushwa na mahali lilipopimiwa. Mchoraji makini hupima kutoka kwenye bapa za msingi, ambazo hakuna atakayezifuta. Kazi ya kuviringa kingo huiacha mpaka mwisho. Hatua zake huzipa majina yanayoeleweka: mahali programu ilipoandika "Kata 14", yeye huandika "kiti cha beringi", ili atakayekuja ajue chuma kiliondolewa kwa ajili gani.

Huyo atakayekuja na mchoraji wa kwanza huenda wasionane kamwe. Ataifungua faili baada ya miaka, mwenye kazi ameshahama, naye ametumwa auongeze unene wa ukuta wa pampu kutoka milimita 6 hadi 8. Akiandika 8 na kila kitu kikafuata, kazi imekwisha kabla ya chai. Kisipofuata, atachora upya kutoka mwanzo na kiwanda kitalipia kazi ileile mara mbili. Ndiyo maana, kabla ya kubishania programu ipi inunuliwe, wenye viwanda wangeanza kwa kumpa mchoraji muda wa kupanga hatua zake, na kuuhesabu muda huo kuwa sehemu halali ya kazi.