Ukili kwa Ukili

Mkeka hukaliwa zaidi kuliko unavyotazamwa. Kuanzia Diani hadi Msambweni, hata mpaka Vanga, hutandikwa kwenye maulidi, harusini, matangani na barazani jioni, na watu huketi wakaendelea na mazungumzo yao. Leo natamani tuutazame, maana ndani yake mna akili na subira ya wanawake wa Kwale, pwani ya Kenya, ambayo hatujaisifu inavyostahili.

Kazi huanza kwenye mti. Mkindu hupenda penye unyevu, kando ya mito na mabonde. Mkoma huvumilia ukavu. Hukatwa kuti changa ambalo bado limefumba, kwa sababu likishachanua na kupigwa na jua hukakamaa. Mchumaji mwenye adabu haumalizi mti. Huacha makuti ya kutosha ili msimu ujao akute mengine. Ukindu wa mkindu au miyaa ya mkoma ikishaanikwa ikakauka, huchanwa kwa ukucha au kisu kupata chane za upana mmoja. Zinazotakiwa kuwa na rangi huchemshwa na rangi sufuriani, kisha hurudishwa juani.

Hapo ndipo kusuka ukili, ule utepe mrefu wa mkeka, kunapoanza, na maji ndiyo siri. Chane kavu huvunjika kwenye kunjo. Iliyolowa kupita kiasi husinyaa ikikauka, ikaacha ukili umelegea. Msukaji huilowesha kidogo tu, akaipapasa, na vidole vyake ndivyo vinavyomwambia kwamba sasa imekubali. Mikono ikishazoea, macho huwa huru: mama husuka huku akiuza maembe, akibembeleza mtoto, akimsikiliza shoga yake. Ukili nao hurefuka, hukunjwa mduara na kuwekwa kando hadi kesho.

Ninachokistaajabia zaidi ni mshono. Mkeka hausukwi mzima kwa mara moja. Kili hulazwa ubavu kwa ubavu zikaunganishwa kwa sindano, na uzi wenyewe mara nyingi ni wa majani yale yale. Uinue mkeka mzuri mbele ya jua: hupati mwanya, na huoni uzi ulipopita. Maua na mistari ya rangi iliyokatika ukingoni mwa ukili mmoja huendelea kwenye ukili wa pili kana kwamba haikukatwa kamwe.

Kili hizo zaweza kuwa zimetoka kwa wanawake tofauti. Kila mkono una mvuto wake. Huyu hukaza, yule hulegeza. Ukili uliokazwa ukishonwa na uliolegea bila uangalifu, mkeka huvimba katikati na hautulii sakafuni. Mshonaji hana budi kuzipatanisha, avute hapa na kuachia pale, mpaka kazi ya watu wengi ilale kama ya mtu mmoja. Kwangu mimi huo ndio ustadi mkubwa kuliko wote katika kazi hii.

Kazi ya kuunganisha vipande ipo kwingine pia. Kule Gee's Bend, Alabama, nchini Marekani, wanawake weusi walishona mablanketi ya viraka kwa vizazi kadhaa kutokana na nguo kuukuu, ili watoto wao wasilale na baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa kwenye jumba la makumbusho la Houston, na mwaka 2006 yakachapishwa kwenye stempu za posta za nchi hiyo. Mikono ilikuwa ile ile na viraka vile vile. Kilichobadilika ni macho ya watazamaji.

Sisi tunaweza kuanza mapema zaidi kuitazama mikeka yetu kwa macho hayo. Mikeka ya plastiki imejaa madukani. Ni rahisi na huoshwa haraka, na sikatai kwamba ina manufaa yake. Lakini wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mtaala wa Umilisi wa shule za Kenya unataka watoto wajifunze kazi za mikono kwa vifaa vya mazingira yao. Basi mwalimu wa Kwale, kama jirani na shule yako yupo mwalimu mstaafu au mama anayejua kusuka, mwalike. Watoto wamsikilize, walowanishe chane kwa mikono yao, na mkeka watakaoushona pamoja utandikwe maktabani wasomee vitabu juu yake.

Nawe mnunuzi, ukitajiwa bei ya mkeka, usikimbilie kuomba upunguziwe. Hesabu kwanza kili zilizoungana, ndipo useme kama ni ghali.