Upepo Haudanganywi

Ufundi wa kuziba pancha hauna cheti wala mahafali, lakini una sifa ambayo kazi nyingi zenye majina makubwa zimeikosa: matokeo yake hayabembelezeki. Kiraka kimeshika au hakikushika. Huwezi kuushawishi upepo ukae ndani ya tyubu kwa cheo, kwa fedha wala kwa maneno matamu. Ndiyo maana nauheshimu sana ufundi huu, na ningependa kila nyumba yenye toroli iwe na mtu anayeujua.

Nataja toroli kwa makusudi. Baiskeli na pikipiki zina mafundi wake kila kona. Toroli hukaa uani, likabeba samadi asubuhi, mchanga mchana na madumu ya maji jioni. Na kwa kuwa mzigo wote umeegemea gurudumu moja, mwiba mmoja wa mgunga au msumari uliosahaulika na mafundi ujenzi hutosha kusimamisha kila kitu. Asiyejua hulisukuma vivyo hivyo, tairi limelala, mpaka tyubu inajikunja ndani na kung'oka pale inapoungana na valvu. Hapo kiraka hakisaidii tena. Tundu la kuzibwa kwa gharama ndogo limekuwa safari ya dukani kutafuta tyubu mpya.

Anayejua haanzi kwa kufungua. Hujaza upepo kwanza, kisha hupaka mate kwenye mdomo wa valvu na kutazama. Povu likipanda, kosa ni la valvu. Huenda kuikaza tu kukatosha. Povu lisipopanda, hutoa upepo wote, wote kabisa, ndipo ashike spana. Rimu za matoroli mengi ni vipande viwili vilivyobanwa kwa bolti, na atakayezilegeza tairi likiwa bado limejaa anaweza kurushiwa chuma usoni.

Kisha huja sehemu niipendayo zaidi: utafutaji. Tyubu ikishatolewa na kupulizwa hadi inenepe kidogo, fundi huizungusha polepole karibu na shavu, kwa sababu ngozi ya uso huhisi pumzi ambayo vidole havihisi. Akikosa, huizamisha kwenye beseni la maji, kipande kwa kipande, na mapovu huonyesha mahali. Lakini tundu ni dalili tu. Fundi wa kweli huilaza tyubu juu ya tairi, valvu ikikaa pale ilipokuwa mwanzo, ili ajue tundu la tyubu lilikuwa mkabala na sehemu gani ya tairi. Hapo hupitisha kitambaa ndani ya tairi, taratibu, mpaka kinase kwenye ncha ya mwiba. Asipoutoa, kiraka kipya kitatobolewa kabla toroli halijafika bandani. Na akikuta matundu mawili yaliyokaa sambamba, anajua kuwa hakuna mwiba wa kutafuta: toroli lilisukumwa na upepo mdogo, likagonga jiwe au kizingiti, na tyubu ikabanwa na ukingo wa rimu. Pancha mbili zinazofanana kwa macho zina sababu mbili tofauti, na kila moja ina tiba yake.

Baada ya kuona sababu, kinachobaki ni subira. Mpira husuguliwa kwa msasa mpaka ung'avu wake uishe, eneo likizidi kidogo ukubwa wa kiraka. Gundi hupakwa nyembamba, halafu husubiriwa. Hapa ndipo wengi hushindwa, wakidhani gundi hushika ikiwa mbichi. Gundi ya pancha ni mpira ulioyeyushwa katika kimiminika kinachopaa upesi. Kimiminika hicho kikinaswa chini ya kiraka, kiraka kitateleza na kubanduka. Ikiachwa dakika chache hadi isinate kwenye kidole, kiraka hung'ang'ania papo hapo. Hukandamizwa kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa isibaki chini yake. Poda kidogo juu yake huzuia tyubu isigandamane na tairi.

Raha ya kuifanya kazi hii kwa mikono yetu ina historia. Mwaka 1887 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, na mwaka uliofuata akapata hataza. Tatizo la matairi ya awali ni kwamba yaligandishwa kwenye rimu, hivyo pancha moja ilikula saa kadhaa na kusubiri gundi ikauke. Mwaka 1891 ndugu Michelin wa Ufaransa walileta tairi linalovuliwa, na Charles Terront akashinda nalo mbio za baiskeli za Paris hadi Brest na kurudi, takriban kilomita 1,200. Tangu tairi lilipokubali kuvuliwa, uwezo wa kulitengeneza ulimfikia yeyote mwenye vyuma viwili bapa, gundi na utulivu.

Utulivu huo huzaa ubunifu. Baadhi ya mashine za kukata majani zina matairi madogo yasiyo na tyubu, na yakibanduka kwenye rimu, pampu ya mkono husukuma upepo unaotokea pembeni bila kujaa. Dawa ni kamba. Funga kamba kuzunguka tairi, ingiza kijiti, kisha kisokote mpaka katikati ya tairi ibonyee na kingo zake zitanuke na kugusa rimu. Upepo ukianza kushika, legeza kamba na uendelee kujaza, bila kuzidi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kwa matoroli mengi hakizidi sana paundi 30 kwa inchi ya mraba. Kamba na kijiti vimefanya kazi ambayo gereji huifanya kwa kompresa.

Zipo njia za mkato, kama kujaza majani makavu ndani ya tairi, na mtu aliyekwama mbali na nyumbani asilaumiwe kwa kuzitumia. Ila zisihesabiwe kuwa matengenezo. Matengenezo ni pale toroli linapolala na mzigo usiku kucha na asubuhi tairi likabonyezwa kwa dole gumba na kukataa.

Watoto wetu wanajifunza mambo mengi yanayoweza kupita kwa kukadiria: jibu lililonakiliwa, kazi iliyopakwa rangi juu. Wafundishwe na hili lisilopita kwa kukadiria. Na anayewafundisha asianze kwa kuwapa gundi. Aanze kwa kuwauliza, kila mara, kama wameuona mwiba. Atakayezoea kulijibu swali hilo kabla ya kunyoosha mkono kwenye kiraka atafaa kukabidhiwa kazi yoyote, iwe ya uani, ya ofisini au ya nchi.