Sanduku la Betri la Mtumbwi: Mwombe Fundi Afungue Kifuniko

Fundi akikuletea mfumo wa betri wa mtumbwi na kuanza kukutajia kilowati, mwache amalize. Kisha mwombe afungue kifuniko. Betri kubwa mwenye pesa yeyote anainunua. Ufundi uko kwenye viungo, na zaidi katika namna mfumo unavyokata umeme.

Hapa Mwanza, kuanzia Mwaloni Kirumba hadi Igombe na Kayenze, betri majini si kitu kigeni. Wavuvi wengi wa dagaa wameshaacha karabai na kushika taa za sola. Kasoro nyingi zinatokana na hapo, maana mafundi wengi walijifunzia kwenye taa. Taa hula ampea chache. Waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi utaivumilia. Mota ya kilowati 3 kwenye volti 48 hula ampea zaidi ya 60. Kwenye volti 12 mzigo uleule ungedai ampea 250, kwa hiyo anayekuuzia mota ya nguvu hiyo kwa volti 12 hajakaa akapiga hesabu.

Anza na vichwa vya waya. Kilichobanwa kwa mashine kina mkunjo safi, na ukikivuta kwa nguvu hakichezi. Kilichogongwa kwa nyundo huacha nyuzi za shaba zikichungulia. Nyuzi zilizopakwa bati, zenye rangi ya fedha, ni dalili njema. Ziwa letu, Victoria, ni la maji baridi, lakini unyevu nao hula shaba. Endesha mota kwa nguvu robo saa, zima, kisha pitisha mkono kwa tahadhari juu ya viungo. Kinachochoma kuliko vingine hakikufungwa vizuri.

Fyuzi ikae karibu na chanya ya betri, isizidi shubiri, na iwe ya kuhimili maelfu ya ampea ambazo lithiamu humwaga waya zikigusana. Fyuzi ndogo ya gari haifai. Ukikuta mahali pake pamefungwa uzi wa shaba, acha kukagua, nenda zako.

Kwenye seli ndiko wauzaji wanakochezea macho ya watu. Seli 16 za lithiamu fosfeti zilizounganishwa kwa mfululizo ni chaguo la busara: hazishiki moto upesi kama zile zinazochomolewa kwenye laptopu kuukuu. Ila zikiwa katikati ya chaji, nzima na mbovu husoma karibu volti 3.3. Muuzaji atakupimia hapo, utaona namba zimelingana, utalipa. Kataa. Pima zikikaribia kujaa, upime tena zikikaribia kuisha. Seli dhaifu hukimbilia 3.65 mapema au huporomoka kabla ya wenzake. Kwa sababu hiyohiyo, kipimo cha chaji kinachosoma volti pekee ni pambo. Dai kile kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Washa swichi kuu huku umetega sikio. Ikipiga cheche, hakuna rezista ya kukijaza kidhibiti cha mota taratibu, na kila ukiwasha unaunguza ncha za swichi.

Bodi ya BMS, ile inayosimamia betri, iliwekwa kulinda seli, wewe haikujui. Seli moja ikishuka mno, hukata umeme wote papo hapo, hata kama uko kati ya visiwa vya Ukerewe na Ukara usiku na upepo umegeuka. Fundi anayelijua ziwa hutanguliza kengele, kisha hupunguza nguvu ya mota, ili nahodha abaki na umeme wa kurudia polepole. Na mwendo wa polepole unalipa: ukipunguza kasi kwa theluthi moja, mtumbwi huhitaji nguvu isiyofika hata theluthi ya ile ya awali. Mfumo usio na hatua hizo mbili, mimi siununui hata uwe na seli za dhahabu.

Upande wa Kenya, kampuni ya Asobo imekuwa ikiwakodishia wavuvi injini za umeme pamoja na betri zake. Huko lawama ina mwenyewe. Anayejitengenezea sanduku hana wa kumlaumu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, nenda na fundi majini mchana, karibu na ufuko, kasia zikiwa ndani na betri imebaki kidogo, mwendeshe hadi ikate. Akisema hakuna haja, baki na pesa zako.